Mwavuli wa Bwana Nyama

Bwana Nyama alikuwa na mwavuli mweusi, mrefu, wa mpini wa mbao, na kwa miaka yote niliyomjua hapa Guangzhou sikuwahi kumwona ameufungua. Na mvua ya mji huu si ya mchezo. Kuna miezi nguo hazikauki, viatu vinaota ukungu uvunguni, na sisi watu wa mtaa wa Xiaobei tunatoka mbio mlango wa metro mpaka mgahawani tumejifunika mifuko ya plastiki kichwani. Yeye anakuja taratibu katikati ya mvua, amelowa chapachapa, mwavuli unaning'inia begani kwa kamba ya ngozi, ncha ikitazama chini. Hakuufungua kwa sababu kwake haukuwa mwavuli. Ilikuwa bunduki.

Bwana nyama, kwa asiyejua, ndivyo wazee wa kwetu wanavyomwita ofisa wa wanyamapori, yule anayekuja na bunduki tembo wakivamia mashamba. Yeye alisema alikuwa mmoja wao zamani, kabla hajaingia kwenye biashara. Hakuna aliyethibitisha. Ugenini kila mtu anakuja na historia aliyoipiga pasi mwenyewe, na adabu yetu ni kutoulizana sana. Mimi nilimwita Bwana Nyama kama wengine, ila kila nikilitamka jina hilo nilikuwa nalitema.

Nilimjua kuliko nilivyotaka, kwa kuwa mimi ni mkalimani na wakala wa mizigo, naye alikuwa mteja wangu. Alikuwa akitengenezesha bidhaa za ngozi kule Shiling, nje kidogo ya mji: mikanda ya kuwekea risasi, mifuko ya kubebea bunduki, na kitu alichokiita mto wa bega, kipande cha ngozi chenye sponji ndani, kinachovaliwa ili kupunguza teke la bunduki inapolia. Mali yote ilikwenda kwa kampuni za uwindaji nyumbani. Kila safari ule mto ulikuwa na kasoro mpya. Mara mnene, mara mwembamba, mara laini mno, mara unanuka gundi. Nimetafsiri neno "bega" kwa Kichina mpaka nikaliota.

Kulikuwa na jambo moja lililonifanya nimvumilie, na nalisema mapema ili mtu asije kudhani nilimpenda. Mdogo wangu Shabani, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa amepata kazi ya uaskari wa wanyamapori kule kwetu Liwale. Alikabidhiwa bunduki ya aina ileile aliyoisifu Bwana Nyama kutwa kucha, tatu-saba-tano, ya kuzuia nyati na tembo wasiingie vijijini. Na Shabani alikuwa anafumba macho. Akivuta triga tu, anafumba, risasi inakwenda mchangani. Mkufunzi wao alimwambia siku ya majaribio akifumba tena, arudi kwao akalime. Hilo la kurudi kulima lilimtisha yeye. Lililonitisha mimi ni kwamba huenda majaribio akayapita kwa bahati, halafu siku moja asimame mbele ya nyati, afumbe.

Kwa hiyo nilikaa meza moja na Bwana Nyama, mchana baada ya mchana, nikisubiri katika maneno yake yote lidondoke neno moja la kumfaa mdogo wangu.

Mada yake kubwa ilikuwa teke. Tulikuwa tunakula kwenye mgahawa wa Mchina mmoja Mwislamu, tambi na nyama ya kondoo, na Bwana Nyama hakumaliza bakuli hata siku moja kabla ya kusimama.

"Teke ni salamu tu," anaanza. "Bunduki inakusalimia. Sasa wewe unaikimbia salamu, una adabu kweli?"

Anatanguliza mguu wa kushoto, anauchomeka mpini wa mwavuli kwenye shimo la bega, shavu juu ya mbao. Anaeleza kwamba bunduki nyepesi inapiga teke kuliko nzito, kwamba ukiiacha nafasi kati ya kitako na bega umekwisha, kwamba mwili uegemee mbele. Wanafunzi wenye fedha za ufadhili wanaacha simu zao wanamtazama. Halafu anavuta. Na hapo ndipo lilipotokea lile ambalo kila mtu aliliona. Macho yalifumba. Yalifumba kwa nguvu, kama ya mtoto anayetiwa sabuni, na bega likaruka mbele, na ncha ya mwavuli ikainama ikaelekea kwenye ndoo ya mwenye mgahawa.

Kassim, Mzanzibari muuza makava ya simu, hakuacha ipite hata siku moja.

"Mzee wetu anaogopa mwavuli! Bunduki je, bwana we?"

"Hayo ni mazoea," anajibu Bwana Nyama, anakaa, anavuta bakuli lake. "Nyie mmezoea simu."

Nilicheka na wengine, na kicheko changu hakikuwa na utani ndani yake. Niliona mtu mzima anayejiongopea mbele ya watu, kila siku, na mwili wake mwenyewe ukimkana.

Mengine yote aliyoyafanya yalikuwa ya namna hiyo. Barabarani alitembea mbele yetu, na kwenye kona ananyoosha kiganja nyuma tusimame, anasikiliza. Kona ya Xiaobei! Kuna nini cha kusikiliza zaidi ya pikipiki za umeme zinazopita kimya zikakukanyaga vidole? Alidai kusoma nyayo za wanyama kwenye mwamba mkavu, lakini kwenye stesheni ya metro alitupoteza kila mara. Alikataa kutazama mishale iliyochorwa ukutani, akasema yeye anafuata upepo. Tuliufuata upepo wake mara moja nikiwa na wateja wengine, tukatokea upande wa pili wa barabara kuu, juu ya daraja lisilo na ngazi ya kushukia. Aligeuka, akatuambia tumepiga kelele njiani.

Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla ya midoli na daftari, nilikoma kwenda naye. Aliingia kwenye duka la midoli, akachukua bunduki ya maji ya plastiki, ya rangi ya chungwa, akaiweka begani, akaanza kumkosoa mwenye duka kwamba kitako ni kifupi.

"Mwambie huyu laoban, mtoto akizoea kitako kifupi, akikua bunduki itamtoa meno."

Laoban, yaani bosi wa duka, alikuwa bibi mmoja anayekula mbegu za alizeti. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, akatema ganda.

"Mei you," alisema, hakuna. Hata hajaulizwa kitu.

"Anasemaje?"

"Anasema hakuna."

"Hakuna nini?"

"Kwa ujumla, mzee."

Akaitikia kwa kichwa kana kwamba amepewa jibu la maana.

Lakini kilichonichefua zaidi ni habari zake za kujaza risasi. Alisema enzi zake risasi zilikuwa adimu, kwa hiyo hakutupa ganda. Akishapiga, analiokota, analisafisha, analinyoosha kwa mashine ndogo ya mkono, anatia fataki mpya kitakoni, anapima baruti kwenye mizani aliyopewa na sonara, anachomeka kichwa kipya cha risasi. Alivyoeleza ungedhani ni ibada. Mikono yake ilifanya kila hatua hewani juu ya sahani ya karanga. Alisema wenye risasi za dukani ni watu wanaokula chakula cha mkebe, bali yeye alijipikia.

"Nikitaka ipoe, inapoa," alisema. "Nikitaka moto, natia moto. Zangu zilikuwa za moto. Nikipiga, kambi nzima inajua ni mimi. Wapishi wanaacha sufuria."

Nilipomweleza habari za Shabani, nilimweleza kwa kifupi na kwa heshima yote niliyoweza kuikusanya. Hakufikiri hata dakika.

"Ajaze mwenyewe. Mwambie atie baruti kiasi hiki," akataja kipimo.

Nilikiandika, ndiyo. Siku chache baadaye nikamwomba arudie, kwa kuwa mimi ni mtu wa mizigo na jambo la kipimo naliuliza mara mbili. Akataja kingine. Hata havikukaribiana. Kassim alikuwa anasikiliza.

"Mzee, hiyo baruti au sukari ya chai?"

"Inategemea," alisema Bwana Nyama.

"Inategemea nini?" nilimuuliza.

"Inategemea hewa."

Nilikichana kile kikaratasi mbele yake. Hata mimi nisiyejua kushika bunduki najua kwamba baruti ikizidi ndani ya chuma, chuma kinapasuka, na chenyewe kinakaa kando ya shavu la mtu. Na shavu hilo lilikuwa la mdogo wangu. Alivyolitaja lile neno hewa, ametulia, anachokonoa meno, nilimdharau mpaka nikahisi uchungu mdomoni.

Lilikuwako pia kovu. Juu ya nyusi ya kulia alikuwa na kovu lililopinda kama mwezi mwandamo, dogo, safi. Alisema ni ukucha wa chui. Chui yule alibadilika kila msimu. Mara alikuwa jike mwenye watoto, mara dume lililojeruhiwa na Mzungu, na safari moja, mbele ya wageni kutoka Kenya, walikuwa wawili.

Na juu ya yote kulikuwa na hadithi ya nyati. Hiyo haikubadilika kamwe, na ndiyo waliyoipenda watu. Nyati amejeruhiwa, ameingia kwenye majani marefu. Bwana Nyama anaingia kumfuata, na mwenzake mmoja. Nyati anatoka, anakuja. Bwana Nyama anasimama imara, lakini mwenzake, alisema, yule maskini, akafumba macho. Kufumba tu kule, mnyama akamfikia. Bwana Nyama akapiga, nyati akaanguka, lakini mwenzake ndiyo basi tena.

"Woga ulimuua," alimalizia kila mara, "si nyati." Halafu anachukua kipande cha nyama kwenye bakuli la mtu mwingine.

Jina la huyo mwenzake hakulitaja hata siku moja. Kassim alikuwa akimwita bwege aliyefumba macho, na meza yote ikacheka, nami sikuweza kucheka, kwa kuwa mimi nilikuwa na wangu aliyefumba.

Siku za majaribio zilipokaribia, nilishindwa kuvumilia. Nilimpigia Shabani simu ya video nikiwa mgahawani, nikamwelekezea mzee.

"Shikamoo, mzee," alisema Shabani. Nyuma yake nilisikia kuku wa mama.

"Marahaba, kijana. Dada yako kaniambia. Sikiliza. Kaza meno. Mwanamume anakaza meno. Na hizo risasi za serikali ni za kitoto, nenda kajaze za moto uzoee kubwa, ndogo utaiona mchezo."

Nilimnyang'anya simu. Shabani alishukuru kwa adabu, simu ikakatika. Halafu baadaye akanitumia ujumbe wa sauti, anaongea chinichini.

"Dada, yule mzee lile kovu si la chui. Mkufunzi wetu analo hilohilo, palepale. Ni darubini ile ya kulengea. Bunduki ikikupiga teke na wewe hukuishika sawasawa, darubini inarudi inakukata nyusi. Sasa dada, maana yake yule amepiga kweli. Tena nzito. Muulize macho alifanyaje. Kukaza meno nimekaza mpaka taya linauma."

Niliusikiliza ujumbe huo mara kadhaa. Watu watadhani nilianza kumheshimu. La. Angekuwa mwongo mtupu, muuza mikanda aliyesikia hadithi za watu akazivaa, ningemwacha na uongo wake, hauna madhara. Kumbe alikuwa amepiga. Kumbe alijua jambo, na katika yale maneno yote aliyotumwagia mezani, jambo hilo ndilo alilolikalia. Dharau yangu ya kwanza ilikuwa na kicheko. Hii ya pili haikuwa nacho.

Wiki iliyotangulia majaribio tulikwenda Shiling kuchukua mzigo wake kabla haujapelekwa bandarini Huangpu. Karakana ilikuwa ya mama mmoja wa makamo, mkali, mikono yake ina rangi ya ngozi anazozishona. Bwana Nyama akavaa mto wa bega mpya, akaubonyezabonyeza, akaniambia nimuulize yule mama mbona sponji inaonekana ngumu. Laoban alichoka naye. Akachukua nyundo ya mbao wanayopigia mishono, akaashiria kwamba atagonga ule mto mwenyewe ajionee.

Bwana Nyama akasimama. Akatanguliza mguu wa kushoto, kifua nje.

Mama yule akainua nyundo. Hajagonga. Ameinua tu, ameshika hapo juu, anarekebisha miwani yake kwa mkono wa pili. Na Bwana Nyama alikuwa tayari ameshafumba, bega limeruka, jasho limemtoka juu ya mdomo. Alikaa vile, macho yamefumba, akisubiri pigo ambalo halikuja. Mashine za kushonea zikanyamaza moja baada ya nyingine. Akafumbua, akaona nyundo bado iko juu.

Laoban hakucheka. Alishusha nyundo polepole, akaniambia maneno machache.

"Anasemaje?" aliuliza Bwana Nyama.

Kazi yangu ni kutafsiri, na mara nyingi natafsiri kwa kulainisha. Siku ile sikulainisha.

"Anasema unaogopa. Anasema na si leo tu."

Hakuubishia mto tena. Aliupokea mzigo bila kuhesabu, bila kunusa gundi.

Ndani ya basi la kurudi alikaa dirishani, mwavuli katikati ya magoti. Viwanda vya mikoba vilipita, na mabango ya mikoba, na nilingoja mpaka tukaingia barabara kuu ili asiwe na pa kushukia.

"Mzee," nilisema, "kovu lako ni la darubini."

Akaugeuza mwavuli kati ya magoti.

"Shabani kaliona. Anapiga Jumatatu. Nimekutafsiria miaka, sijawahi kukuomba kitu. Sasa nakuomba. Wewe unafumba macho mpaka kwa mwavuli. Ulianzaje, na mtu anaachaje?"

"Mimi sifumbi."

"Basi tushuke turudi kwa yule mama, tumuulize."

Akageuka kunitazama, na nilidhani atanitukana. Ningefurahi anitukane. Badala yake akanyoosha mkono nimpe simu.

Nilimwekea tayari. Akaibonyeza, akaanza kurekodi. "Kijana, mimi katika enzi zangu, pale nilipokuwa..." Akasita, akaufuta ujumbe kwa kidole. Akaanza tena: "Kijana, bunduki ni salamu..." Akafuta. Alianza mara nyingi, kila mara na sifa nyingine, kila mara akaisikia mwenyewe akaitupa. Abiria wa mbele alisinzia. Mimi nilitazama kile kidole gumba kikipita juu ya kioo, na sikumsaidia kwa neno.

Mwisho akaisogeza simu karibu na mdomo, akasema taratibu, nami nilisikia yote.

"Shabani, mwanangu. Mimi nafumba macho. Mpaka leo nafumba. Nilikuwa najaza risasi mwenyewe, nazidisha kwa sifa, ili wenzangu wasikie mlio waseme yule pale ndiye. Bega likaumia, sikusema. Mwili ukaanza kulisubiri teke kabla halijaja. Sasa unasubiri hata pasipo kitu. Usijaze. Usitie moto wa mtu yeyote, tumia hizo ulizopewa. Vaa kitu begani, hakuna aibu. Na fanya hivi: bunduki akutilie mwenzako, uwanjani, mbele ya mkufunzi. Mara atie risasi nzima, mara ya bandia isiyo na kitu, wewe usijue ipi. Ukivuta ile ya bandia, haitalia, na mtutu utauona unainama. Ni wewe unayeuinamisha. Utajiona. Rudia mpaka usiuone. Mimi walitaka kunifanyia hivyo, nikakataa, kwa sababu sikutaka kujiona."

Nilidhani amemaliza. Hakuinua kidole.

"Nilikuwa na mwenzangu. Hakuwa hata na bunduki, alinibebea maji. Nyati alipotoka alisimama nyuma yangu, ananitegemea. Nikafumba. Nilipofumbua, nyati alikuwa ameshanipita."

Akaachia. Ujumbe ukaenda. Akanirudishia simu, akapangusa kioo chake kwanza kwa kanzu, akatazama nje.

"Umeridhika?" aliniuliza.

"Ulisema alifumba yeye," nilisema. "Miaka yote. Unakula nyama za watu huku unamsema marehemu."

"Nimekuuliza umeridhika."

Sikumhurumia, na sioni kwa nini mtu atake nimhurumie. Yule aliyebeba maji alikuwa na mama pia, na dada labda, na mahali fulani wanaambiwa mtoto wao alikufa kwa woga.

Jumatatu nilishinda na simu mkononi. Nilipokea mzigo, nikapakia, nikagombana na dereva, yote kwa mkono mmoja. Shabani alipopiga simu, alianza na mazoezi. Walimfanyia lile la risasi za bandia siku mbili mfululizo kabla ya majaribio, mwenzake akimtilia, mkufunzi amesimama kando. Alisema mara ya kwanza alipouona mtutu ukiinama bila mlio alitaka kulia kwa aibu. Kisha ukainama kidogo. Kisha ukatulia.

"Nimepiga, dada. Macho wazi. Nimeona karatasi inatoboka. Sijawahi kuiona ikitoboka."

Nilikwenda chooni kwenye ghala, nikafunga mlango, nikalia.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mgahawani meza ilijaa, madirisha yamepata mvuke. Bwana Nyama alikuwa pale, amelowa, mwavuli umeegemea kiti. Nilipoingia aliinua uso upesi.

"Vipi, kijana?"

"Amepita, mzee."

Alishusha pumzi ndefu. Ilikuwa pumzi ya kweli, nilimwona mabega yalivyoteremka. Laiti angeishia hapo. Lakini watu walikuwa wanasikiliza, na Bwana Nyama na watu wanaosikiliza hawakai salama pamoja.

"Mnaona?" aliwageukia. "Nimemfundisha kwa simu! Nilimwambia, kijana, kaza meno. Basi! Mwanamume ni kukaza meno."

Meza ikampongeza. Mwanafunzi mmoja alimpigia makofi. Nilikaa, nikaweka simu yangu mezani mbele ya bakuli. Aliiona. Alijua sauti yake imo humo ndani.

Kassim akagonga meza kwa furaha.

"Basi leo tupe ya nyati, mzee! Tupe ya yule bwege aliyefumba macho!"

"Ya nyati! Ya nyati!"

Bwana Nyama akasimama. Akauchukua mwavuli, akatanguliza mguu wa kushoto, akauchomeka mpini begani, shavu juu ya mbao. Akaanza kama siku zote: nyati amejeruhiwa, majani marefu, wanaingia wawili. Sauti yake ilikuwa nzuri, hilo sijawahi kulikana. Akafika pale mnyama anapotoka. Hata mwenye mgahawa alishika mwiko hewani, ijapokuwa hakuelewa neno. Bwana Nyama akanitazama juu ya mwavuli. Mimi nilimtazama yeye. Sikuigusa simu.

"Hakufumba," alisema.

"Nani?" aliuliza Kassim.

"Yule. Mwenzangu. Hakufumba macho."

Kassim aliangaza huku na huku akitafuta wa kucheka naye. "Sasa bwana we, kama si yeye, nani aliyefumba?"

Nilingoja. Lilikuwa limebaki neno moja tu, fupi kuliko yote aliyowahi kusema pale mezani. Midomo yake ilijaribu. Halafu akaushusha mwavuli bila kuvuta triga, akasukuma kiti, akatoka.

Nilikwenda mpaka mlangoni. Nje mvua ilikuwa inapiga lami kwa nguvu, watu wamejibana chini ya mabaraza ya maduka. Alisimama ukingoni mwa barabara akiushika ule mwavuli kwa mikono miwili, kisha nikamwona anahangaika na kifungo chake. Ulikuwa umeshika kutu. Akausukuma, akausukuma, ukafunguka nusu, mbavu mbili zikachomoka, kitambaa kikaachana kwenye mikunjo kwa kukaa miaka mingi bila kukunjuliwa. Akauweka juu ya kichwa hivyohivyo, akavuka barabara, na maji yakampitia yote.

Kassim alikuwa amesimama nyuma yangu. "Si alisema ni bunduki ule?" aliuliza.

"Ni mwavuli," nilimwambia, nikarudi kula.